Spartacus alikuwa Mthrakia. Hao Wathrakia walikuwa nani, na waliishia wapi?

Msomaji_wa_Usiku

Wakuu habari za jioni. Mimi ni fundi simu hapa Kibaha, historia naipenda tu, sikuisomea. Juzi umeme ulikatika, wateja hakuna, nikawa nasoma habari za Spartacus, yule mtumwa aliyewatoa jasho Warumi kuanzia mwaka 73 KK. Kila ninapogusa wanaandika neno lile lile, "Mthrakia", halafu wanapita zao. Hakuna anayesimama kueleza. Mgiriki namjua, Mwajemi namjua, hata Mfinisia tulikutana naye shuleni. Mthrakia ndiyo kwanza namsikia.

Nikafungua ramani ya kale, nakuta Thrakia ni eneo kubwa kweli kweli, kutoka pwani ya kaskazini ya Ugiriki mpaka mto Danube. Leo hakuna nchi ya jina hilo. Naomba kueleweshwa: walikuwa na ufalme wa maana au ni makabila ya milimani tu kama Wagiriki wanavyowachora? Na ilikuwaje watu wengi namna hiyo wakapotea? Nani aliwamaliza? Mwenye nondo ashushe. Nawasilisha.

Chaki_na_Ubao

Kwa kifupi, maana nasahihisha mitihani. Wathrakia walikaa Bulgaria ya leo, kipande cha Ugiriki na Uturuki ya upande wa Ulaya, na ndugu zao walivuka Danube hadi Romania. Makabila mengi: Waodrysi, Wabesi, Watribali, Wageta na wengine. Waajemi walipita kwao wakienda kuipiga Ugiriki. Walipofurushwa mwaka 479 KK, Waodrysi chini ya mfalme Teres wakaunganisha sehemu kubwa ya nchi. Philip II wa Makedonia akawatia mkononi miaka ya 342 na 341 KK. Mwaka 46 BK Kaisari Klaudio akaifanya Thrakia jimbo la Roma. Karne ya 6 na ya 7 Waslavi wakaingia, na lugha ya Kithrakia ikazimika. Hiyo ndiyo mifupa yake.

BwanaShamba_Mstaafu

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea hata kabla hamjaziandika. Mwalimu ametoa mifupa, mimi niongeze nyama kidogo. Nimekaa kwenye ardhi ya hao watu miaka sita. Mwaka 1981 nilipelekwa Bulgaria kusomea kilimo: mwaka mmoja Sofia tukifundishwa lugha, mitano Plovdiv. Kwa hiyo mengine nimeyasoma na mengine nimeyaona kwa macho yangu.

Nianze na niliyoyaona. Jumapili moja ya Januari mabomba ya kupasha joto bweni letu yaliharibika. Nje theluji magotini. Nikaingia jumba la makumbusho la pale mjini kwa sababu moja tu, kwamba mle ndani kuna joto. Nikazungukazunguka mbele ya vigae na mikuki yenye kutu, mikono mfukoni, nachelewesha muda. Kisha nikafika kwenye kabati la kioo lenye vyombo tisa vya dhahabu tupu, jumla kilo sita na ushee. Ndugu watatu walivifukua Desemba 1949 wakichimba udongo wa vigae karibu na mji wa Panagyurishte. Kimoja ni pembe ya kunywea yenye kichwa cha kulungu, kingine cha kondoo dume, vingine ni vichwa vya wanawake. Kuna mtungi wenye matundu mawili chini, ili watu wawili wanywe mvinyo mmoja kwa wakati mmoja, jambo ambalo wenyewe walilifanya wanapoapiana urafiki. Hivyo vyote nilivitazama tu kama mtu anayetazama duka asilokuwa na hela ya kununulia.

Cha tisa ni sahani, upana wake sentimita 25 hivi. Katikati ina kitovu. Kuzunguka kitovu kuna duru ya matunda ya mwaloni, halafu duru tatu za vichwa vya watu, vya ndani vidogo, vinakua kadiri unavyokwenda ukingoni. Nikasogea mpaka pumzi yangu ikafanya ukungu kwenye kioo. Pua pana. Midomo mizito. Nywele za kipilipili, kila kipele kimegongwa peke yake. Wanangu, ni Waafrika. Ishirini na wanne kila duru, 72 jumla. Nilihesabu mara mbili. Mama mlinzi akaja akasimama nyuma yangu, nadhani alihisi napigia mahesabu lile kabati. Nikamwonyesha sahani kwa kidole, kisha nikaonyesha uso wangu. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Tangu siku ile kila nikipita ananiita "ndugu wa sahani".

Vyombo vile ni vya mwishoni mwa karne ya 4 au mwanzoni mwa karne ya 3 KK. Baadhi vimechongwa uzito wake kwa vipimo vya Lampsacus, mji wa Kigiriki ulioko upande wa Asia wa mlango wa bahari wa Dardaneli. Kwa hiyo fundi ni wa Kigiriki, mnywaji ni bwana mkubwa wa Kithrakia, na sura ni za "Waethiopia", jina ambalo Wagiriki walituvika sote. Ukiuliza kama Wathrakia walikuwa watu wa porini, mimi nakurudisha kwenye ile sahani. Mtu wa porini haagizi kitu kama kile, na akiagiza hana cha kulipia.

Dhahabu na fedha walikuwa nayo, milimani na mitoni. Farasi ndiyo usiseme. Mshairi wa Kigiriki Homer anamleta mfalme Rhesus wa Thrakia pale Troya na farasi weupe kama theluji, na usiku uleule anachinjwa usingizini na farasi wanaibwa. Nimeona kila mara ndiyo bahati yao hiyo: wanatajwa kwa mali yao, halafu mstari unaofuata wameporwa.

Sasa ufalme. Ulikuwepo, na ulikuwa mkubwa. Mwana wa Teres, Sitalces, aliingia Makedonia mwaka 429 KK na jeshi ambalo Thucydides, mwanahistoria wa Athene, anasema lilisemwa kuwa watu 150,000, theluthi yao wapanda farasi. Wagiriki mpaka Thermopylae kule kusini walitetemeka. Jeshi likakaa siku thelathini, likageuza, likarudi nyumbani. Chakula kiliisha, baridi ikabana, na Waathene waliokuwa wameahidi kuleta meli hawakutokea. Lakini kuna jingine. Mfalme wa Makedonia alimfuata kimyakimya Seuthes, mtoto wa kaka yake Sitalces, akamwahidi dada yake amwoe, na mali juu. Kijana akamshauri baba yake mdogo waondoke haraka. Jeshi la watu laki na nusu likarudishwa na posa! Na yule kijana alipewa kweli mke wake.

Seuthes huyo ndiye aliyerithi, Sitalces alipouawa mwaka 424 KK akipigana na Watribali. Chini yake ufalme ulikusanya kodi ya talanta 400 kwa mwaka. Talanta moja ya Athene ni kama kilo 26 za fedha, basi fanyeni hesabu, ni thamani ya tani kumi na kitu. Juu ya hapo zawadi zisizopungua hizo, mbali na nguo za kufumwa. Thucydides anaeleza jinsi zawadi zilivyokwenda, na yeye aliwajua, maana alikuwa na haki ya kuchimba dhahabu upande ule na jina la baba yake, Olorus, ni la Kithrakia. Anasema kwa Waajemi mfalme ndiye mtoaji, kwa Waodrysi mfalme ndiye mpokeaji. Na si mfalme peke yake, bali kila mkubwa chini yake. Aibu haikuwa kuomba ukanyimwa. Aibu ilikuwa kuombwa usitoe. Hakuna shauri lililokwenda bila kupeleka mkono.

Hapo mimi nilifunga kitabu nikacheka peke yangu.

Mwenye kutaka kuona desturi hiyo ikifanya kazi amsome Xenophon, Mwathene aliyekuwa jemadari na mwandishi. Majira ya baridi ya mwaka 400 kuingia 399 KK alikuwa na maelfu ya askari wa kukodiwa wa Kigiriki, hawana kazi, wana njaa. Seuthes mwingine, wa Pili, aliyekuwa akipigania urithi wa baba yake, akawakodi. Jioni wakakaribishwa chakula. Watu wameketi duara, vijimeza vya miguu mitatu vimejaa nyama na mikate imechomekwa kwenye nyama. Mwenyeji anamega mkate na kuwarushia wageni, na nyama vivyo hivyo, yeye mwenyewe anaonja kidogo tu. Kulikuwa na Mgiriki mmoja wa Arkadia, Arystas, mlafi wa kutajwa. Hakutaka habari za kurusharusha, akajitwalia mkate mzima na nyama mapajani akala. Alipoletewa pembe ya mvinyo akasema mpe Xenophon, yeye ana nafasi, mimi bado. Kisha zawadi zikaanza. Mthrakia mmoja akaingia na farasi mweupe, akanywa pembe nzima, akamkabidhi mfalme. Mwingine akaleta kijana wa kutumika, mwingine nguo za mke wa mfalme. Xenophon hana kitu. Zamu yake ikafika, amekwisha kulewa kidogo, akasimama akasema basi mimi najitoa mwenyewe na wenzangu hawa kuwa rafiki zako.

Na mshahara? Ahadi ilikuwa sarafu moja ya dhahabu kwa kila askari kwa mwezi. Mwezi ulipoisha walipewa ya siku ishirini. Wakala wa mfalme, Mgiriki mwenzao, alisema mauzo ya mateka hayajaleta zaidi. Askari wakamgeukia Xenophon kwamba amekula hela zao. Baada ya maneno marefu Seuthes akatoa talanta moja, ng'ombe 600, kondoo 4,000 na watumwa 120, akisema ndicho alicho nacho. Nimefanya kazi serikalini miaka 31. Naelewa kulipwa kwa mafungu.

Basi jibu langu kwa swali lako, nani aliwamaliza. Kitu cha kwanza ni mirathi. Ufalme wao ulishikwa na mkono wa mtu. Mtu anapokea, anagawa, na wakuu wa makabila wanamfuata kwa sababu yeye ndiye anayejua kupokea na kugawa. Akifa, kila mkuu anarudi kwake na farasi zake. Mfalme Cotys wa Kwanza alikuwa hodari kuliko wote, aliwachezesha Waathene miaka zaidi ya ishirini. Karibu mwaka 360 KK ndugu wawili kutoka mji wa Ainos wakamuua, na Athene ikawapa uraia na mataji ya dhahabu. Haukupita muda ufalme ukawa vipande vitatu: Kersobleptes mwanawe mashariki, Amadokos katikati, Berisades magharibi. Na mwaka 359 KK, jirani yao Makedonia akapata mfalme kijana wa miaka 23 hivi anayeitwa Philip. Aliwala mmoja mmoja, mwenye magharibi kwanza.

Shangazi_wa_Mlandizi

Mzee shikamoo. Nimesoma mpaka chai imepoa. Lakini naona umetupitisha kwenye karamu za wanaume watupu. Mimi niliwahi kusoma kwamba kwa Wathrakia mume akifa, wake zake wanashindana nani alipendwa zaidi, na mshindi anachinjwa kaburini na ndugu yake wa karibu, wengine wanabaki kuona haya kwa kukosa! Hilo ni kweli au Wagiriki walikuwa wanapaka matope? Maana ushindani wa namna hiyo mimi ningejitoa raundi ya kwanza.

Chaki_na_Ubao

Mzee, heshima yako, ila hiyo ya mirathi naipinga kidogo. Wamakedonia nao walichinjana kwa urithi vizazi na vizazi. Tofauti ni kwamba Philip aliweka mkono kwenye madini. Mwaka 356 KK alichukua mji wa Krenides, karibu na mlima Pangaion, akaupa jina lake, Filipi. Mwanahistoria Diodorus anaandika migodi ile ilimwingizia zaidi ya talanta 1,000 kwa mwaka. Dhahabu ya nchi ya Wathrakia ndiyo iliyowalipa askari wa kuwapiga Wathrakia. Wanaosoma Biblia wataukumbuka huo mji, ndiko Paulo alikompata Lidia muuza rangi ya zambarau, naye alifika akipitia Samothrake, ambalo jina lake lenyewe ni Samo ya Thrakia.

Msomaji_wa_Usiku

Duh, sikutegemea. Asanteni sana. Mzee shikamoo. Mimi bado nina deni moja: Spartacus wangu ameingiaje hapa? Na lugha yao, haikuandikwa kabisa?

BwanaShamba_Mstaafu

Marahaba wote.

Mwalimu, sikatai. Migodi ilimnenepesha Philip. Lakini jiulize, kwa nini migodi ile ilikuwa wazi kuchukuliwa? Mwaka 465 KK Waathene walipeleka walowezi 10,000 upande uleule wa mto Strymon, na Wathrakia waliokusanyika pamoja wakawafyeka kule Drabeskos. Kwa hiyo kukusanyika waliweza. Kukaa wamekusanyika ndiko kulikowashinda. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, alishaliona hilo zamani kabla ya Philip: alisema ndio watu wengi kuliko wote baada ya Wahindi, na kama wangekuwa na mtawala mmoja au nia moja hakuna ambaye angewaweza, ila jambo hilo kwao haliwezekani. Naongeza moja la kumsuta huyo huyo Herodotus. Anasema kwao kukaa bure ndiyo sifa, kulima ndiyo aibu kuu, na maisha bora ni ya vita na nyara. Kama bwana shamba niliumia! Kisha nikakumbuka kwamba nyama zote zile za Seuthes, mikate na mvinyo, kuna aliyevilima. Herodotus alizungumza na wenye farasi. Mwenye jembe hakuulizwa.

Shangazi, habari yako ya wake ni yake Herodotus pia, naye anaisema kwa kabila fulani la kaskazini ya Krestonia, si kwa wote. Kabila jingine, Watrausi, anasema mtoto akizaliwa ndugu wanamzunguka na kumlilia kwa taabu zinazomngoja, na mtu akifa wanamzika kwa shangwe. Mimi siwezi kukuapia kwamba amepaka au hajapaka matope. Ila nitakwambia nilichokiona Kazanlak.

Mwezi wa tano na wa sita wanafunzi tulipelekwa bonde la Kazanlak kuchuma waridi. Linachumwa alfajiri, umande haujakauka, kwa sababu jua likipanda mafuta yanaruka. Zaidi ya tani tatu za maua zinakupa kilo moja tu ya mafuta. Vidole vinachubuka na miiba, mgongo unauma, lakini harufu yake hata leo nikiisikia kwenye sabuni nasimama. Katika bonde lile kila upande unaona vilima vya duara, kama vichuguu vya mchwa vilivyokuzwa mara mia. Trekta linalima ngano, linafika kwenye kichuguu, linazunguka, linaendelea. Niliuliza kwa nini hawakisawazishi. Dereva akasema: "Mogila." Kaburi. Chini ya vile vilima wamelala wafalme wa Thrakia.

Kimoja kilifunguliwa mwaka 1944 na askari waliokuwa wakichimba mahandaki. Kaburi lenyewe halisi haliingiwi ovyo, pumzi za watu zinaharibu rangi, sisi tuliingizwa kwenye nakala waliyoijenga pembeni. Unainama, unapita ujia mwembamba, unatokea kwenye chumba cha duara kinachochongoka juu kama mzinga wa nyuki. Upana wake haufiki hata mita tatu. Ukiinua macho, magari matatu ya farasi yanakimbizana juu kabisa, bila mwisho. Chini yake kuna mezani pa bwana na mke. Mwanamume ameketi na taji la majani kichwani. Mkewe ameketi kwenye kiti cha enzi, ameinamisha kichwa kidogo. Wengine wanaleta farasi, mwingine sahani ya matunda, tarumbeta zinapulizwa, na katikati ya zogo lote lile mikono ya wale wawili imeshikana mezani. Hawatazamani, wameshikana tu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili mle ndani, wenye kelele, na tulinyamaza. Sasa kama yule mama anamsindikiza mumewe au anakwenda naye, shangazi, ukutani hapakuandikwa.

Kutoka pale wanakupeleka bwawa la Koprinka. Maji tu, na wavuvi wawili watatu. Mwongozaji akasema chini yake kuna Seuthopolis, mji wa Seuthes wa Tatu, aliyepigana na Lysimachus, mmoja wa majemadari wa Alexander, baada ya Alexander kufa. Waliugundua mwaka 1948 wakati bwawa linajengwa. Wakauchimba haraka haraka, wakachora kila kitu, na mwaka 1954 maji yakaachiwa. Yaani ni kama ukasimama ukingoni mwa Mtera mtu akakwambia chini ya sato hawa kuna ikulu. Mji mdogo, ekari kumi na mbili hivi, lakini mitaa imenyooka kwa Kigiriki, na maandishi ya jiwe yaliyopatikana humo ni ya Kigiriki. Hapo ndipo nakujibu kuhusu lugha.

Waliandika, lakini kwa lugha ya wengine. Kwa lugha yao yamebaki maandishi machache mno. Lililo maarufu ni la pete ya dhahabu iliyopatikana kijiji cha Ezerovo mwaka 1912: herufi 61 za Kigiriki, mistari minane, maneno yote yamefuatana bila nafasi. Herufi unazisoma zote. Maana hakuna aliyekwisha kuitoa kwa namna wenzake wote wakakubali. Labda ni sala, labda ni jina la mke, labda ni "ukiiokota nirudishie". Kila tunachokijua juu yao tumesimuliwa na aliyewauzia sahani, aliyewanunua kama watumwa, au aliyewadai mshahara.

Na watumwa ndio mlango wa Spartacus wako. Biashara ile ilikuwa ya zamani sana. Athene ilijaa wajakazi walioitwa tu "Thratta", yaani Mthrakia wa kike, kana kwamba mama zao hawakuwapa majina. Herodotus anasema Wathrakia waliuza watoto wao wenyewe wapelekwe ng'ambo. Wanaume walikodiwa vitani wakiwa na mikuki ya kurusha na ngao nyepesi ya mfano wa mwezi mchanga. Mwaka 413 KK Athene ilikodi 1,300 kwa drakma moja kwa siku, wakachelewa meli ya kwenda Sisilia, ikaonekana ni ghali kuwaweka, wakarudishwa. Njiani wakaufyeka mji wa Mykalessos, pamoja na shule nzima ya watoto waliokuwa wamekwisha kuingia darasani. Silifichi hilo kwa sababu nimewapenda kwa ajili ya sahani.

Spartacus alizaliwa wakati Roma imeshika Makedonia na inapigana na Wathrakia mara kwa mara. Mwanahistoria Appian anasema aliwahi kutumika vitani na Warumi kabla ya kuwa mateka na kuuzwa. Kapua, mji wa Italia, kwenye shule ya wapiganaji wa uwanjani, alikutana na kichekesho kibaya: mtindo mmojawapo wa kupigana uliitwa "Mthrakia", wenye ngao ndogo na upanga uliopinda, na mtu yeyote, hata mtu wa Gallia, Ufaransa ya leo, aliweza kupangiwa kuwa Mthrakia. Kabila zima limekuwa vazi la maonyesho. Watu sabini na kitu wakatoka pale na visu vya jikoni na mishikaki. Mwandishi Plutarch anamtaja mke wa Spartacus, wa kabila lake, mwenye kupagawa na Dionysus, mungu wa mvinyo, na kutabiri, aliyekuwa naye katika kutoroka. Mnaona shangazi, nimekuletea na mwanamke. Ila jina lake Plutarch hakulitaja. Mwaka 71 KK jemadari wa Kirumi Crassus akawamaliza, watu 6,000 wakatundikwa misalabani njia nzima kutoka Kapua hadi Roma, na maiti ya Spartacus haikuonekana.

Nyumbani kwao walibaki wafalme waliowekwa na Roma. Mwaka 26 BK makabila ya milimani yaliasi yaliposikia vijana wao watachukuliwa jeshini na kutawanywa nchi za mbali, yakazingirwa ngomeni mpaka kiu ikaua watu na mifugo. Mfalme wa mwisho, Rhoemetalces wa Tatu, inasimuliwa aliuawa na mkewe, na Klaudio akafunga hesabu mwaka 46. Baada ya hapo hakuna siku moja ya kuangamia. Walikwenda jeshini, walijifunza Kilatini upande huu na Kigiriki upande ule, walibatizwa. Mmoja, Maximinus, aliyebandikwa jina la Mthrakia, akawa kaisari mwaka 235. Karne ya 6 msafiri mmoja aliyepita monasteri ya Sinai aliwakuta wakuu wa pale wanajua Kilatini, Kigiriki, Kisiria, Kimisri na Kibesi, na Wabesi ni wale wa milima ya Rhodope. Baada ya huyo, kimya.

Msomaji_wa_Usiku

Mzee, umenilipa na riba. Kwa hiyo Plovdiv ni jina la Kibulgaria siyo la Kithrakia?

BwanaShamba_Mstaafu

Umeuliza pazuri. Philip alipoushika mji aliuita Philippopolis, mji wa Philip. Wathrakia wakalitamka kwa ulimi wao, Pulpudeva. Waslavi walipokuja wakalichukua kutoka kwao, na kwa kukatwakatwa karne hadi karne ikawa Plovdiv. Mama yangu, aliyejua kusoma kidogo tu, alikuwa akiandika hilo neno kwenye bahasha kila mwezi, na kila mara alisahau ile "v" ya mwisho. Barua zilifika.

Shangazi_wa_Mlandizi

Picha ya hiyo sahani mzee? Tusije tukaambiwa ni chai.

BwanaShamba_Mstaafu

Ninayo kadi ya posta, aliniuzia mama mlinzi yule yule siku naaga. Imo kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, pamoja na vyeti. Nilikuwa sina karatasi ndani ya treni, nyuma yake nikaandika nafasi za kupanda nyanya. Mjukuu akirudi shule Ijumaa ataipiga picha, pande zote mbili, maana zile nafasi za nyanya bado nazitumia.